Forodhani ya Massachusetts

Jumapili moja ya mwezi wa kwanza binti yangu alibandika karatasi kwenye friji, akaizuia kwa ile sumaku yetu yenye picha ya Beit el Ajaib, akasema, "Baba, nisaidie kuchagua." Mwenye mtoto wa miaka 16 hapa Columbus, Ohio, atanielewa. Kuombwa kitu ambacho si pesa wala si kupelekwa mahali kwa gari! Siku hiyo hata chai niliiona tamu zaidi.

Karatasi ilitoka kwa mwalimu wake wa fasihi wa darasa la 11. Kila mwanafunzi achague riwaya moja ya Kimarekani, klasiki, mwandishi awe Mmarekani hasa, kisha aandike insha ya kurasa 5 kueleza kwa nini kitabu hicho bado kinafaa kusomwa. Chini yake orodha ya vitabu 12. Anayetaka kutoka nje ya orodha amwombe mwalimu kwanza.

Nilimwambia kwamba sisi hatukuwahi kuwa na taabu hiyo. Unguja kitabu kilikuwa kimekwisha chaguliwa na wakubwa zamani, wewe kazi yako kukipata tu. *Kuli* cha Adam Shafi nilikisoma kwa zamu, nakala moja watoto watano, na mmoja katika hao watano alikuwa hakirudishi mpaka mama yake aambiwe. Hakuna aliyetuuliza kama tunakipenda. Tuliulizwa fani na maudhui, basi. Na bado yule Rashidi wa bandarini namjua mpaka leo kuliko baadhi ya binamu zangu.

"Sasa Baba, hiyo inanisaidia nini?"

Kweli. Tukaanza.

Chaguo lake la kwanza lilikuwa *Animal Farm*, kwa sababu ni kifupi na ana rafiki aliyekwisha kukiandikia insha. Nikamwambia hicho sisi tunakiita *Shamba la Wanyama*, lakini mwandishi wake, George Orwell, ni Mwingereza aliyezaliwa India. Alinitazama kama nimemwibia. Halafu akataka *The Great Gatsby*, na hapo aliyekataa ni mwalimu, maana wanafunzi tisa walikwisha kukitaja na alisema hataki kusoma insha ya 10 juu ya ile taa ya kijani ya kitabuni. Mimi nilishukuru kimoyomoyo. Nimekisoma kile kitabu. Sentensi zake tamu, huyo Fitzgerald alijua kuandika, lakini watu wenyewe wale, wallahi, hakuna hata mmoja ningemwalika futari.

Mimi nilikuwa na changu tangu dakika ya kwanza, na sikuficha: *The Old Man and the Sea* cha Ernest Hemingway. Mzee Santiago amekaa siku 84 bila kupata samaki, siku ya 85 anakwenda mbali peke yake na kumnasa nduaro mrefu kuliko mashua yake. Mimi ni mtoto wa Mkokotoni, pwani ya Unguja. Mshipi unavyokata kiganja ninajua, na mzee anayezungumza na samaki nimemwona kwa macho yangu, alikuwa babu yangu upande wa mama. Hemingway alipokitoa katika jarida la *Life*, Septemba 1952, nakala milioni 5 zilimalizika kwa siku 2. Hoja zote hizo nilimpa kwenye gari, kutoka nyumbani mpaka maktaba, taa nyekundu sita.

"Baba," akasema, "hakuna mwanamke humo?"

Nikafikiri. "Ipo picha ya marehemu mkewe. Lakini mzee ameiondoa ukutani, inamtia upweke."

Kimya.

"Na bahari," nikaongeza. "Bahari mzee anaiita kwa jina la kike."

"Aha."

Ile "aha" ndiyo iliyokizika kitabu changu.

Maktabani alichukua vitatu: *Adventures of Huckleberry Finn*, *Beloved* na *The Scarlet Letter*. Cha Mark Twain alikaa nacho siku moja. Kina mto wetu ndani yake: Huck na Jim, mtumwa aliyetoroka, wanateremka Mississippi kwa chelezo, wanautafuta mji wa Cairo, pale mto Ohio unapoingia, ili wageuze wapande na Ohio kuelekea majimbo yasiyo na utumwa. Ukungu ukawapitisha. Nilidhani hilo litamvuta. Lakini lile neno la tusi wanaloitiwa watu weusi limo mara zaidi ya 200, na kwa mwalimu huyu kila mwanafunzi husimama akasoma kipande mbele ya wenzake.

"Darasani tuko weusi watatu, Baba. Nikilisoma wataniangalia. Nikiliruka wataniangalia."

Nilikuwa na hotuba tayari. Kwamba Twain aliwacheka wenye watumwa, si watumwa. Kwamba maktaba ya Concord, kule Massachusetts, ilikifukuza kitabu hicho mwaka 1885 kwa sababu nyingine kabisa, ati ni cha kihuni, kitawaharibu watoto. Nikaimeza hotuba yangu. Si mimi nitakayesimama.

*Beloved* cha Toni Morrison kilihitaji sahihi ya mzazi. Nikatia. Mama yake akakifungua jikoni akingoja wali uive, na ule wali tuliula umeungua. Kisa chenyewe kimetoka hapa hapa kwetu. Januari 1856 Margaret Garner alivuka mto Ohio ulioganda, kutoka Kentucky mpaka Cincinnati, na watoto wake, na walipozungukwa alimuua mmoja, binti, asirudishwe utumwani. Cincinnati ni mwendo wa saa 2 kutoka nyumbani, tumekwenda huko harusini na masufuria ya pilau kwenye buti, tukautazama mto na kupiga picha. Morrison mwenyewe ni mtoto wa Ohio, kazaliwa Lorain, kaskazini kwenye ziwa. Binti alisoma sura tatu akakifunga taratibu. "Hiki nitakisoma," akasema, "lakini si kwa kupewa maksi."

Nikaona mtoto ana akili. Sikumwambia, atavimba kichwa.

Kikabaki *The Scarlet Letter*. Hicho alikitupa kitandani ukurasa wa nne. Mimi nilikuwa nakwenda kazini, shifti ya usiku ghalani, na kitu cha kusoma sina, nikakichukua.

Mapumziko yetu ni saa 8 usiku. Nimekaa karibu na maikrowevu, chakula kinazunguka, nafungua kitabu. Kabla ya hadithi yenyewe kuna utangulizi mrefu, na kichwa chake ni "The Custom-House". Nikacheka kwa sauti, mwenzangu wa Honduras akageuka kuniangalia. Nitamweleza nini? Nyumba ya forodha! Sisi ukitutajia Forodhani tunaona pweza, mishikaki, juisi ya miwa, na vijana wanajitosa baharini kwa madaha magharibi ikikaribia. Hatukumbuki tena kwamba jina lilitokana na ushuru.

Nathaniel Hawthorne alikuwa mtu wa forodha kweli. Tangu 1846 mpaka 1849 alikuwa ofisa katika forodha ya Salem, Massachusetts, mji aliozaliwa, mpaka serikali ikabadilika, chama kingine kikaingia na yeye akatolewa na siasa zake. Akarudi nyumbani na machungu yake, na 1850 kitabu kikatoka. Katika utangulizi huo anawasema wazee aliofanya nao kazi: viti wameviegemeza ukutani kwa miguu ya nyuma, wanasinzia, wakizinduka wanarudia visa vile vile vya bahari walivyokwisha kusimuliana mara elfu. Nikasema huyu mtu kafika Malindi yetu ya Unguja. Marehemu baba yangu alikuwa karani bandarini pale, na wale wazee wa Hawthorne nilikuwa nawapelekea kahawa.

Kisha anasema, siku meli tatu nne zikiingia pamoja, aghalabu huwa zimetoka Afrika au Amerika ya Kusini.

Hapo nikaacha kula. Afrika ipi? Yeye haendelei. Lakini Mzanzibari aliyesoma historia kidogo anaijua Salem. Seyyid Said alitiliana mkataba na Marekani mwaka 1833, na konseli wa kwanza wa Marekani Unguja, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa mtu wa Salem. Meli za Salem zilichukua kwetu pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, zikatuletea kile kitambaa cha pamba ambacho kwetu jina lake halikubadilika, merikani. Bibi yangu alikuwa na foronya za merikani, ngumu kama bati mpaka zifuliwe mara 10. Hawthorne anajifanyia mzaha kwamba jina lake limezunguka dunia si juu ya majalada ya vitabu bali kwa kupigwa chapa kwenye magunia ya pilipili manga na mizigo mingine iliyolipiwa ushuru. Nikawa naliona gunia la sandarusi linatoka forodha moja linaingia forodha nyingine, karani wa huku analihesabu, karani wa kule analihesabu, na karani wa kule ndiye huyu niliyemshika mkononi. Kengele ya kurudi kazini ilinikuta katikati ya sentensi. Sentensi za Hawthorne ni ndefu, mtu anaweza kumaliza mapumziko yote ndani ya moja.

Nilifika nyumbani saa 1 asubuhi, binti yuko mezani. Nikamweleza yote nimesimama, koti mwilini, kwa mikono.

"Baba," akasema, "ile sehemu mwalimu alisema tuiruke."

"Muiruke?"

"Haina kitu. Hadithi inaanza baadaye."

Haina kitu! Nilivua koti nikaenda kulala.

Nilipoamka alikuwa ameshachagua bila mimi. Alikuwa amekwenda tena maktabani na mama yake, akatoka na *Their Eyes Were Watching God* cha Zora Neale Hurston, cha mwaka 1937. Akanikalisha kwenye kochi akanisomea mwanzo wake. Jua linatua, watu wa mji wamekaa barazani baada ya kazi za mchana, na mwanamke mmoja, Janie, anarudi peke yake, amevaa ovaroli za kazi. Basi wanaanza. Ile nguo ya buluu aliyoondokea iko wapi? Yule kijana mdogo aliyefuatana naye yuko wapi? Na pesa za marehemu mumewe? Hurston amewaandika wanavyosema hasa, kwa Kiingereza cha watu weusi wa Florida, na binti yangu alikuwa akiwaigiza kila mmoja na sauti yake, mpaka mama yake akatoka jikoni kusikiliza.

"Hawa nawajua," akasema. "Hawa ni shangazi zangu wa Mkokotoni."

Na ni kweli. Tulikwenda kwetu likizo miaka miwili iliyopita, naye kila jioni alipita mbele ya baraza ile na suruali yake ya jinzi, na kila jioni suruali ile ilijadiliwa mpaka adhana ya Magharibi.

Insha yake aliijenga juu ya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Swali lilikuwa kwa nini kitabu bado kinafaa kusomwa. Yeye akaanza na miaka ambayo hakikusomwa. Hurston alikiandika Haiti kwa wiki 7. Waandishi weusi wenzake, Richard Wright akiwa mmoja, walikisema vibaya. Akafa fukara Florida mwaka 1960, kitabu hakipo tena madukani, kaburi halina hata jiwe mpaka mwandishi Alice Walker alipokwenda kulitafuta kwenye magugu mwaka 1973 akaliwekea. Sasa, akaandika mtoto, nani hasa huwa anaamua kitabu ni klasiki? Niliposoma mstari huo nilikaa kimya kidogo. Nikawakumbuka wale wakubwa wetu waliochagua kwa niaba yetu, na nakala moja watoto watano.

Insha imerudi wiki iliyopita, maksi 93. Penye neno la Kiingereza la baraza yeye aliandika "baraza" moja kwa moja, mara nne, bila kueleza, na mwalimu amelizungushia duara kila mahali akaweka alama ya kuuliza. Nilitaka kumwandikia barua. Binti kanikataza.

Mimi bado niko Massachusetts. Maktaba yetu haitozi faini, basi *The Scarlet Letter* nakisoma polepole, mapumziko hadi mapumziko. Hester, yule mwanamke wa kitabuni aliyezaa nje ya ndoa, amekwisha simamishwa jukwaani kwa muda wa saa 3 na kichanga mkononi na ile herufi nyekundu ya kumwaibisha kifuani, amekwisha kujifunza kuishi kwa sindano yake, anawadarizia mapambo wale wale wanaomtenga. Mtoto anaitwa Pearl. Mimi namwita Lulu, ndivyo tungemwita kwetu. Jana nimefika pale mama anapoing'oa herufi na kuitupa, akafungua nywele zake, jua likamwangukia, na Lulu yuko ng'ambo ya kijito, anaitwa, hataki kuvuka. Anapiga miguu chini, anaonyesha kidole kifuani kwa mama. Haji mpaka mama aivae tena.

Nilimsimulia binti asubuhi. Akaacha kijiko. "Halafu?"

"Kengele ililia," nikamwambia.

Leo nimekitafuta nikienda kazini, sikukiona. Kiko chumbani kwake.