Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa sanaa na kopo la raba

Saa 12 asubuhi. Iringa ya Julai haina huruma. Chai ya tangawizi, viazi vya jana, koti juu ya sweta. Kabla sijatoka nachora kikombe changu, dakika tano, kwa kalamu ya wino. Nisipochora mimi, wanafunzi nitawadai vipi?

Saa 1:30. Paredi, rejesta. Hakuna cha kusimulia.

Saa 3. Kidato cha tatu, vipindi viwili mfululizo. Kila mmoja ana daftari la michoro tulilolishona wenyewe kwa karatasi za A4, maana la dukani bei haishikiki. Raba zote zinaingia kwenye kopo mezani kwangu. Ukikosea mstari, chora mwingine pembeni yake.

Leo ni mikono. Binti mmoja nyuma kaufunika ukurasa kwa kiwiko. Nachungulia: vidole sita.

"Ticha, naomba niuchane."

Namwambia ahesabu mikono aliyochora tangu Januari. Ishirini na mitatu. Wa kwanza ulifanana na uma. Huu wa leo, pamoja na kidole chake cha ziada, gumba limekaa mahali pake na kivuli kinaonyesha dirisha liko upande gani. Ukichana, mtu ataonaje ulikotoka? Mimi zangu nilizichana. Siku ya kuomba chuo nikabaki na picha nne safi, hazisemi kitu. Inaniuma hadi leo.

Saa 7. Makande. Mwalimu wa hisabati ananiuliza kama kuchorachora nako ni somo. Namchora masikio.

Saa 9. Tunashuka sokoni, kwa mama muuza vikapu vya nyasi za milulu.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Mkinichorea vibaya mnanunua!"

Dakika mbili kila mchoro: umbo zima kwanza, msuko baadaye. Nawachuchumaza, kisha nawasimamisha, waone mdomo wa kikapu unavyosinyaa na kufunguka. Wanaong'ang'ania duara kamili wanaumbuka wenyewe.

Saa 11. Kidato cha nne wanachagua kazi za potifolio, mkusanyo wa michoro ya kuonyesha. Kijana ananiletea jiwe la Gangilonga kwa rangi, machweo mekundu kama ya kalenda. Nafungua daftari lake, ukurasa wa Machi: jiwe lilelile kwa mkaa wa jikoni, nyufa tupu, alama ya kidole pembeni.

"Hii ndiyo inaingia."

"Lakini ticha, ni chafu."

"Inaingia."

Saa 12:30 jioni. Nafunga darasa, nahesabu kopo. Asubuhi zilikuwa raba 19. Ziko 17.