Siku yangu na ngoma: kutoka Kilimani hadi Kawangware

Saa kumi na moja unusu alfajiri

Baridi ya Julai hapa Nairobi haimwachi mtu, wala haiachi ngoma. Ya kwangu imewambwa ngozi ya mbuzi, na unyevu wa usiku huilegeza kiasi kwamba ukiigonga asubuhi inatoa mlio mzito usiofika mbali. Naiweka hatua chache kutoka kwenye jiko la makaa ninapochemsha chai, kisha naigeuza mara kwa mara ikauke sawasawa. Siisogezi karibu zaidi, maana joto kali hupasua ngozi. Chai ikiiva, ngoma nayo imekaza.

Ninaposubiri, nakagua manyanga. Kayamba ya Pwani, ile bapa ya mabua yenye mbegu ndani, ni pana mno kwa mikono ya mtoto wa mwaka mmoja. Kwa hiyo watoto wadogo ninaowafundisha muziki pamoja na walezi wao hutikisa chupa ndogo za plastiki zilizotiwa ndengu, mchele au mahindi. Kifuniko nakibana kwa gundi, halafu nakizungushia utepe mpana. Chupa yenye ufa naitupa hapo hapo, sina huruma nayo. Watoto wa umri huu wanapeleka kila kitu mdomoni, na punje moja ya mahindi yatosha kumpalia mtoto.

Saa kumi na mbili unusu

Matatu ya Umoja hadi mjini, halafu ya njia namba 46 hadi Kilimani. Ngoma iko mapajani, mkeka katikati ya miguu. Makanga wa asubuhi wamenizoea na hawanidai nauli ya mzigo.

Saa tatu asubuhi, Kilimani

Tunakodi ukumbi mdogo wa kanisa. Natandika mkeka, naondoa viti, nafungua madirisha hata kama kuna baridi. Kikundi cha kwanza ni watoto wa miezi 6 hadi miaka 3, kila mmoja na mlezi wake. Nasema mlezi kwa sababu saa hizi wazazi wengi wako kazini. Wanaokuja ni dada wa kazi, mashosho, yaani nyanya, wawili watatu, mama walio kwenye likizo ya uzazi, na baba mmoja anayelinda usiku na kuja moja kwa moja kutoka lindoni.

Wanaolipa ada huniuliza mtoto atajifunza nini. Huwaambia ukweli: mimi nakaa na mtoto dakika 45 kwa wiki. Anayemwogesha, anayemlisha uji na kumlaza ndiye ninayemfundisha, kwa sababu ndiye atakayeondoka na wimbo na kuuimba kesho jikoni. Mlezi akitoka hapa bila kuimba, mtoto amekuja kuangalia ngoma tu.

Tunaanza na salamu. Naimba jina la mtoto mmoja, namtazama machoni, kisha nanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote. Walezi hawakuvumilii, wanamtikisa mtoto: "Mwambie mwalimu hujambo! Sema!" Nawaomba wasubiri. Wa miezi 8 hujibu kwa miguu, anaipigapiga kwenye mapaja ya shosho wake. Mwingine anatoa sauti nyembamba ndefu, mwingine anafumbua macho tu. Yote hayo ni majibu, na nikimrudishia sauti yake ileile anajua amesikika.

Sitegemei spika wala kinanda. Mtoto anahitaji kuona mdomo unavyofunguka, na pumzi inavyovutwa kabla ya neno. Tena naimba juu kidogo kuliko ninavyopenda, kwa sababu koo la mtoto mdogo liko juu kuliko letu, na wimbo tunaouanzisha chini hataufikia. Walezi wakiguna kwamba ni juu sana, nawaambia waimbe kwa ulaini, sauti itafika.

Mtoto akiinuka akaenda kuchungulia dirishani, mwacheni. Anasikia. Kuna mama aliyetaka kuacha kuja kwa sababu binti yake hukaa kimya kikao kizima, hatikisi hata chupa. Baadaye akaniambia kwamba nyumbani, kwenye beseni la kuogea, binti huyo huimba salamu zote, na jina la kila mtoto tuliye naye hapa. Huwa nawaeleza hilo wageni wote siku ya kwanza.

Saa nne kasoro

Hapa ndipo siku yangu iligeuka, kwa hiyo sitaharakisha.

Kuna dada ambaye tangu aanze kumleta mtoto wa mwajiri wake hukaa karibu na ukuta. Nikimkaribisha, jibu ni moja: "Mwalimu, mimi siwezi kuimba." Leo niliwaomba walezi wote watuonyeshe kitu walichochezewa wakiwa wadogo, kwa lugha yoyote, hata bila maneno. Shosho mmoja akaanza na mchezo wa vidole kwa Kikamba. Zamu ilipofika ukutani nikadhani atapita.

Akavuta beseni la plastiki ninalowekea manyanga, akalimwaga, akaligeuza, akaanza kupiga. Kiganja kimoja kilishika mdundo, vidole vya mkono wa pili vikajaza katikati, na sote tukanyamaza. Ni isukuti. Kwao ni upande wa Kakamega, na wajomba zake huipiga kwenye arusi na mazishi. Aliketi akiwatazama, akaujua mdundo bila kufundishwa na mtu.

Ngoma za isukuti za Waisukha na Waidakho, jamii za Waluhya wa magharibi mwa Kenya, hupigwa tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hiyo kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Urithi huo ulikuwa ukutani mwa ukumbi wetu, umeshika mkoba wa nepi.

Mtoto anayemlea, ambaye hutambaa kuikimbia ngoma yangu, alikuja mwenyewe. Akaweka viganja vyote viwili juu ya beseni na kubaki hapo, akihisi mtetemo. Dada hakusimama. Alipunguza nguvu, akamwachia nafasi, na mtoto akapiga. Tukaingia wote kwa makofi.

Kikao kilipoisha alinifuata kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama anaruhusiwa kumwimbia mtoto kwa Kiluhya, kwa sababu nyumbani ameambiwa atumie Kiingereza tu. Swali hili naletewa mara nyingi na huniumiza kila mara. Mtoto huanza kusikia sauti akiwa bado tumboni, na anapozaliwa huhitaji sauti yenye joto na maneno yanayotoka bila kutafutwa. Mtu anayeimba kwa lugha anayoihofia huimba kwa woga, na mtoto anasikia woga huo. Kiingereza kitakuja, shule za Nairobi hazijapungukiwa nacho. Nilimwambia nitazungumza na mama wa mtoto mimi mwenyewe, na nimezungumza naye saa sita kwa simu. Amekubali nyimbo. Mengine tutayajenga polepole.

Saa tano

Kikundi cha pili, wengi wa miaka 2 na 3. Cheza-na-ganda: ngoma ikilia tunaruka, ikikoma kila mtu anasimama alivyo. Mtoto wa miaka 2 anayeweza kuuzuia mwili wake katikati ya mruko amefanya kazi kubwa ya akili.

Baba mmoja ameuliza kama katuni za nyimbo kwenye simu zinatosha. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku. Badala yake linataja kusoma, hadithi na kuimba pamoja na mlezi. Simu haisubiri mtoto ajibu. Wewe unaweza kusubiri.

Saa saba

Chapati na madondo kwenye kibanda, kisha 46 tena. Njia ni ileile, namba ileile, kutoka Yaya Centre hapa Kilimani hadi Kawangware.

Saa nane mchana, Kawangware

Deikea hii, yaani kituo cha kulelea watoto mchana, ni chumba kimoja cha mabati. Watoto ndio wanaamka, wengine bado wana alama za mkeka shavuni. Walezi ni wawili, na leo wameongezeka akina mama watatu waliokosa kibarua.

Hapa sitoi manyanga mengi. Yakizidi, chumba cha mabati huwa kelele tupu. Tunatumia leso. Akina mama wanashika pembe nne, tunaipandisha na kuishusha kwa mdundo, watoto wanapita chini wakicheka. Kisha mapaja, makofi, miguu.

Mwenye deikea amenifundisha mengi. Ana kiwimbo alichotunga mwenyewe cha kunawa mikono, na mstari wake wa mwisho hauji mpaka kila mtoto awe amesuuza. Hapigi kelele, haburuti mtu. Foleni inasonga kwa wimbo. Nimemwomba ruhusa ya kukifikisha Kilimani, akacheka, akakubali.

Kuna mvulana wa karibu miaka 2 asiyegeuka ngoma ikipigwa nyuma yake. Akishika ngozi kwa mikono, uso unachangamka na anafuata mdundo sawasawa. Nimekaa na mama yake pembeni, nikamsihi ampeleke hospitali akapimwe masikio wiki hii, asingoje eti ataongea akikua. Mwenye deikea ameahidi kwenda naye. Mvulana ataendelea kukaa karibu na ngoma, mikono juu ya ngozi.

Saa kumi na moja jioni

Akina mama wanaanza kurudi kutoka kufua na sokoni, wamechoka. Hakuna kikao saa hizi. Nasimama mlangoni, kila mama akimbeba mtoto wake tunaimba mistari miwili ya kwaheri yenye jina lake. Inachukua nusu dakika. Baadhi wanaendelea nayo wakishuka njia.

Saa mbili usiku

Ujumbe wa sauti umeingia kwenye WhatsApp kutoka kwa yule dada. Ameurekodi wimbo mzima wa Kiluhya, na nyuma yake nasikia mtoto akigonga kitu. Nimeusikiliza mpaka nikaushika, nikamuuliza maana ya sehemu mbili, na kama anakubali wengine waujifunze. Amekubali kwa sharti kwamba wausikie kwake kwanza. Basi wiki ijayo ataongoza yeye sehemu hiyo, nami nitakaa mkekani na wengine. Ameagiza nitafute beseni kubwa zaidi. Lile langu, anasema, lina sauti ya ngoma ndogo tu, na yeye anazitaka zote tatu.