Siku moja maishani mwangu: msimamizi wa usalama ghala la korosho, Mtwara

Saa kumi na moja na nusu alfajiri natoka Chikongola kwa bodaboda. Saa kumi na mbili niko getini, naandika majina ya vibarua wote na kuwatazama miguuni. Mwenye ndala haingii. Jina lisipoandikwa, siku mtu akiangukiwa na mzigo familia itahangaika kuthibitisha kwamba alikuwa kazini, wakati Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachangiwa na mwajiri, si na mbebaji.

Saa mbili hadi saa tano malori ya Tandahimba na Newala yalishusha.

Saa tano na nusu nikaona lundo la kona limeinama. Chaga moja ya chini, yaani fremu ya mbao inayobeba magunia, imevunjika, na magunia hayakupishanishwa kama tofali. Nikasimamisha kazi upande ule, nikafunga kamba. Dereva mmoja aliyekuja kupakia mzigo wa bandarini akawaka, maana mzigo wake ulikuwa lundo lilelile.

"Binti, hili limesimama tangu juzi. Leo ndiyo lianguke?"

"Baba, tangu juzi hakuna aliyeligusa. Mkichomoa la chini, la juu linawajia."

Akavuka kamba. Nikamtoa. Akampigia simu bosi wangu, akavuka tena. Nikasimama mbele yake nikamweleza: lundo lina mita tano, gunia lina kilo 80 hivi. Likichomoka juu linafika chini ndani ya sekunde moja, kwa mwendo wa kilomita 35 hivi kwa saa. Kofia ngumu huzuia nyundo au kipande cha mbao. Kwa kilo 80, shingo haisalimiki. Akasema vijana wake wazoefu. Uzoefu haumfanyi mtu akwepe kitu anachokipa mgongo!

Tukalibomoa kuanzia juu, ngazi kwa ngazi, wawili juu, chini hakuna mtu. Joto la Desemba, vumbi la magunia kooni, honi ya lori haikomi. Adhana ya alasiri ilitukuta bado tunapanga upya. Miguu iliniwaka, sauti ikakauka, lakini vijana wote walikuwa wazima.

Dereva aliondoka magharibi bila kuaga. Nikaandika tukio daftarini. Bosi akauliza kwa nini naandika wakati hakuna aliyeumia.

"Kwa sababu ya chaga, bosi. Nataka zote zikaguliwe kabla ya malori ya kesho."

Fundi anakuja saa moja asubuhi.