Subiri wifi, shira inaganda

Jumamosi usiku. Baba Salma kalala, watoto wamelala, na mimi bado naisikia sauti ya wifi yangu wa Korogwe.

Alipiga Jumanne saa kumi jioni. Saa naikumbuka kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimetia iliki kwenye shira, na mnaopika ubuyu mnajua hapo si pa kugeuka hata kujifuta jasho. Shira inaanza kutoa mapovu makubwa mazito, ukiinua mwiko inavutika kama uzi, na kuanzia hapo una dakika chache za kumwaga ubuyu na kukoroga. Ukichelewa unabaki na jiwe jekundu chini ya sufuria. Simu nikaibana kati ya sikio na bega.

"Wifi, mbona Facebook hupo? Nakutafuta tangu wiki iliyopita."

"Nimeifuta, wifi. Si unajua, kwa ajili ya yule mwizi."

"Na ile ya Instagram?"

"Ile ipo. Ya biashara ile."

Akanyamaza. Halafu akasema, wala hakupandisha sauti: "Kwa hiyo umetufuta sisi, wateja umewabakisha."

Jibu lililonitoka ni hili: "Subiri wifi, shira inaganda."

"Haya. Hangaika na shira yako." Akakata.

Na shira kweli ilikuwa inaganda. Nilimwaga ubuyu, nikakoroga kwa mikono miwili mpaka kila punje ikashika rangi, na ulitoka ubuyu mzuri kuliko wote niliopika mwezi huu. Nimeufunga, nimeuuza, umeisha. Nilipompigia jioni hakupokea. Asubuhi nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika.

Wiki hii Shabani, anayenisaidia mambo ya simu, kaitwa kazini bandarini baada ya kusubiri miaka miwili, mwenye nyumba kapandisha kodi, Baba Salma karudi salama kutoka Tunduma. Yote nimeyapokea, mengine nimeyashukuru, mengine nimeyalalamikia, yamepita. Maneno ya wifi hayajapita. Nikiosha vyombo nayasikia. Nikipima sukari kwenye mizani nayasikia. Najibu peke yangu jikoni, kila siku jibu jipya zuri kuliko la jana, na hakuna anayelisikia.

Habari ya mwizi niliwasimulia. Mtu aliingia kwenye akaunti yangu ya Facebook, akawaandikia ndugu kwa jina langu na picha yangu kwamba nimelazwa, simu imezima, watume hela kwa namba ile. Sikuwaambia kwamba mama mkwe alikuwa ameshafungua pindo la khanga, kahesabu 50,000, kavaa kandambili za kwenda kwa wakala. Aliyemshika mkono mlangoni ni wifi huyu huyu. Alimwambia, "Mama, huyu si yeye, yeye haandiki 'naomba unisaidie', yeye angepiga simu akalia." Ndivyo anavyonijua. Ndiyo maana yanauma.

Shabani alinishauri nibadilishe neno la siri, niweke uthibitisho wa hatua mbili, yaani mbali na neno la siri uombwe na namba nyingine ya kuingilia, basi. Sikutaka. Kila nikiiona ile akaunti nilikiona kiganja cha mama na zile noti. Nikataka ifutike yote, ishie mbali.

Kikwazo kilikuwa akaunti ya ubuyu. Wenye Facebook waliinunua Instagram mwaka 2012, kwa hiyo nyumba ni ya mwenyewe mmoja, na mimi mwaka 2019 nilipoifungua ile ya biashara nilibonyeza tu kitufe cha kuingia kwa kutumia Facebook. Haikuwa na neno la siri lake. Barua pepe iliyochukua ni ile ya mwaka 2011, niliyofunguliwa kwenye kibanda cha intaneti Morogoro na siwezi tena kuifungua. Mliowahi kupanga mnaelewa: chumba changu kilikuwa kinavuta umeme kwenye LUKU ya jirani, na mimi ndiye nilikuwa nakwenda kuing'oa mita ya jirani.

Na nilikuwa na hofu nyingine. Shabani alijiunga na Threads, mtandao wa kuandikiana wa hao hao wenye Instagram, ilipotoka Julai 2023, akaichoka ndani ya wiki, akataka kuifuta, akakuta kipindi kile huwezi kuifuta bila kuifuta Instagram yako pia. Walikuja kuzitenganisha Novemba mwaka huo huo. Mimi hilo la mwanzo ndilo lililonikaa kichwani. Wafuasi wangu 6,000 na ushee nimewapata mmoja mmoja, kopo kwa kopo. Nikaapa sibonyezi kitu mpaka nihakikishe.

Basi tukakaa na Shabani jioni tatu mfululizo. Kwanza tulibadilisha barua pepe ya Instagram, zikaja tarakimu 6 za kuthibitisha, nikazijaza. Kisha nikaiwekea neno la siri lake lenyewe. Kisha hatua mbili, na zile namba za akiba za kuingilia siku simu ikipotea nimeziandika kwenye daftari la madeni, kati ya mama Chausiku na fundi wa friji, kwa sababu daftari lile halipotei kamwe. Halafu tukaenda kwenye Kituo cha Akaunti, pale kwenye mipangilio zinapounganishwa akaunti, tukaiondoa Instagram isikae pamoja na Facebook. Shabani akanikatalia kuamini. Akaitoa Instagram kabisa kwenye simu yangu, akachukua ya Baba Salma, akaniambia ingia huku bila kugusa Facebook. Nikaingia. Ubuyu wangu wote ukatokea pale, mwekundu, na karanga za sukari pembeni. Nilipumua!

Bado kulikuwa na ule Ukurasa wa biashara kule Facebook. Kumbe mwenye Ukurasa akiwa mmoja peke yake, akijifuta yeye na Ukurasa unakwenda naye. Tukampa Shabani mamlaka kamili ya kuusimamia. Messenger nayo inakwenda na akaunti ukifuta. Ukiifungia akaunti kwa muda tu, Messenger unaweza kubaki nayo. Hilo nililisikia, nikalipita. Nikabonyeza. Wanakupa siku 30 za kughairi, na zikiisha kuondolewa kwa kila kitu kunaweza kuchukua hadi siku 90.

Sasa nataka niliandike lile ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu Jumanne. Wateja niliwatangazia siku nne kabla. Niliweka tangazo: ndugu wateja, Facebook tunahama, mtatupata Instagram na WhatsApp, namba hii hapa. Niliwajibu waliouliza. Niliwahamisha mmoja mmoja waliokuwa wakiagiza kwa Messenger. Ndugu sikumwambia hata mmoja. Si mama, si wifi, si mashemeji wa Handeni. Jioni tatu nzima nakagua uzi upi umeungana na upi, na haikunijia hata mara moja kwamba kwa mama mkwe mimi napatikana pale tu. Yeye simu ya kupangusa hana. Ijumaa baada ya Isha wifi hukaa naye barazani, anafungua kwangu, anamwonyesha wajukuu. Hili nimelijua miaka yote. Nikiposti picha za Idi nilikuwa naziposti nikijua zitapangwa foleni kwenye mkeka wa Korogwe.

Ujumbe uliokwisha kumtumia mtu haufutiki ukijifuta wewe, unabaki kwake. Kwa hiyo wifi anazo meseji zangu zote za miaka, lakini juu yake pana kichwa cha kijivu kisicho na uso. Nimelifikiria sana hilo. Amefungua Ijumaa, mama kakaa tayari, wakakuta kichwa cha kijivu.

Nilimwandikia ujumbe wa WhatsApp mara nne, nikaufuta mara nne. Wa kwanza ulikuwa mrefu, wa pili ulimtaja mwizi, wa tatu uliomba radhi kwa namna iliyoonekana kama naidai yeye aombe. Wa nne sikumbuki.

Alhamisi mchana, nafunga mzigo wa Dodoma, ikaingia meseji Instagram kutoka akaunti isiyo na picha wala mfuasi: "Bei ya ubuyu ndoo ndogo. Korogwe mnatuma?"

Nikajibu kama ninavyojibu wote: "Habari mpendwa, karibu sana. Ndoo ndogo ni 25,000, mikoani tunatuma kwa basi."

"Mpendwa ndiyo nani? Mimi wifi yako."

Nilikaa juu ya gunia la sukari. Akaendelea kuandika, moja moja, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika. Kafunguliwa na mtoto wa jirani. Mama anataka ubuyu, meno yenyewe hana, anataka kumumunya. Halafu: "Mbona humu hamna picha za watoto? Ubuyu mtupu."

Nikapiga, akapokea mlio wa kwanza. Tuliongea dakika 40. Tuliongea miguu ya mama, mahindi, harusi ya Handeni, dada wa jirani aliyerudi kwao. Maneno ya Jumanne hakuna aliyeyagusa, si yeye si mimi. Alipoaga alisema, "Haya wifi, salimia wanangu," na nilipokata nilijikuta nacheka na machozi yananitoka, mwanangu Nuru ananiuliza nani kafa.

Ndoo ya Korogwe nimeipika jana kwa mkono wangu, pilipili nimepunguza, arki nimeongeza kama mama anavyopenda. Fedha sikuchukua. Wifi ananuna, anasema yeye ni mteja.

Na jana hiyo hiyo usiku nilifanya jambo jingine. Kabla ya kufuta, Shabani alinipakulia kumbukumbu zangu zote, faili kubwa. Nikalifungua nizitafute picha za kwenda kuchapisha kwa ajili ya mama. Picha zipo, tangu 2011 nikiwa na nywele za rasta za bandia. Nikaikuta ile ya mwaka 2015, wifi kambeba Salma ana siku tatu, kavaa khanga ya zambarau, macho yamevimba kwa kukesha hospitali na mimi. Nakumbuka aliandika chini yake, "Huyu ni wangu, wewe umenisaidia tu kumzaa." Nikayatafuta maneno hayo kwenye faili. Hayamo. Ya kwangu yote yamo, mpaka upuuzi niliouandika chuoni, lakini waliyoandika wengine chini ya picha zangu yanakaa kwenye akaunti, nayo ilikuwa siku ya 12 kati ya zile 30.

Nikaingia. Nikaulizwa kama nataka kughairi kufuta. Nikaghairi. Nikashuka chini miaka na miaka mpaka nikaipata, na maneno yake yapo, na chini yake shemeji kacheka, na mama kaandikiwa na mtu, "Mama anasema Mungu amkuze." Nimepiga picha za skrini 61. Ilipofika saa nane usiku nikaizima simu. Neno la siri nimebadilisha, hatua mbili nimeweka, kama Shabani alivyosema tangu mwanzo. Kitufe cha kufuta sijakibonyeza tena. Shabani kaniuliza leo asubuhi nimeamua nini, nikamwambia aniache kwanza.

Kuna jambo jingine linaniweka macho. Juzi nilimkuta Nuru amesimama juu ya kiti, anaisoma kalenda ya ukutani, pua karibu iguse karatasi. Nikamwambia shuka, soma kutoka hapo chini. Akaangalia, akanyamaza, akasema, "Mama, hapo hamna maandishi." Mwalimu wake kamweka dawati la nyuma tangu muhula uanze. Jumatatu ubuyu utasubiri, nampeleka kwa daktari wa macho.