Uliza gundi kabla ya ubao: nilivyochagua vifaa vya ndani ya chumba cha kulala

Neno "asilia" kwenye lebo halinisaidii kitu. Mwanzi ni mwanzi na mti ni mti. Shida haiko hapo. Shida, yaani mvuke wenye madhara unaoingia hewani chumbani, iko kwenye kinachoshikanisha: gundi iliyounganisha vipande, rangi iliyopakwa juu yake, vanishi, gundi ya kubandikia sakafu. Chumba nilichokitengeneza kilikuwa cha mita 3 kwa 4, na kila kilichoingia humo nilikipima kwa swali moja: hiki kimeshikwa na nini?

Nilianza na kabati, maana huko ndiko mvuke mwingi hutoka. Chipibodi, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) na plaiwudi nyingi za ndani hushikwa kwa gundi ya urea-fomaldehidi. Joto na unyevu huivunja gundi hiyo polepole, na fomaldehidi, gesi kali, huendelea kutoka kwa miezi, hata miaka. IARC, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani, iliitangaza mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Kiwango ambacho WHO inashauri kisizidishwe hewani ndani ya nyumba ni miligramu 0.1 kwa mita moja ya ujazo, kwa wastani wa dakika 30.

Muhuri wa E1 (wa Ulaya) au CARB Phase 2 (wa jimbo la California, Marekani), inayowekea ubao kikomo cha fomaldehidi, ni mwanzo mzuri, lakini usiusome kijuujuu. Chini ya CARB, plaiwudi ya mbao ngumu inaruhusiwa sehemu 0.05 kwa milioni, MDF 0.11. Kwa hiyo mbao mbili zenye muhuri uleule zinaweza kupishana zaidi ya maradufu. Tena kipimo hicho ni cha ubao katika kisanduku cha majaribio. Ukijaza chumba kidogo makabati ya ukuta mzima, hesabu inabadilika.

Nilichukua plaiwudi ya matumizi ya nje. Inashangaza kwamba ubao uliotengenezwa kwa ajili ya mvua ndio safi zaidi ndani, lakini sababu iko wazi: gundi yake ni ya fenoli, haivunjwi na unyevu kirahisi, na hutoa fomaldehidi kidogo sana. Utaitambua kwa mistari myeusi au ya kahawia kati ya tabaka ukiutazama ubavuni. Ukilazimika kutumia chipibodi yenye melamini (tabaka gumu kama plastiki lililobandikwa juu), jua kwamba uso umezibwa ila kingo hazijazibwa. Fundi hubandika utepe upande unaoonekana, kisha huacha wazi kingo za nyuma, za chini na matundu ya bawaba, na huko ndiko mvuke hupitia. Ziba kingo zote kabla ya kuunganisha; baada ya hapo huzifikii tena.

Kipimo cha kienyeji: weka kipande kilichokatwa ndani ya chupa ya kioo, funga kifuniko, iache sehemu yenye joto usiku kucha, kisha fungua na unuse. Kikichoma macho au pua, kikatae. Kisiponuka, usikiamini kwa hilo tu, maana pua si kipimo cha maabara.

Kuta nilizipaka chokaa. Chokaa hukauka maji, halafu hunyonya kabonidayoksaidi na kurudi kuwa jiwe. Haina plastiki ya kuishikilia wala kiyeyusho cha kunusa, na huacha unyevu wa lipu upite. Lakini ina masharti. Haishiki juu ya rangi ya plastiki, hubanduka magamba, kwa hiyo kwanza kwangua mpaka ufike kwenye lipu. Na kama rangi ya zamani huijui umri wake, usiipige msasa mkavu: huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ndilo sumu. Ilowanishe, kwangua, futa kwa kitambaa chenye maji.

Kosa kubwa ninaloliona ni kununua chokaa isiyo yenyewe. Chokaa ya shambani mara nyingi ni jiwe lililosagwa, haigandi kamwe, na ukuta utakuchafua nguo maisha yote. Unayotaka ni chokaa iliyozimwa, yaani iliyochomwa kisha ikazimwa kwa maji. Hata hiyo ikikaa kwenye mfuko uliofunguliwa, hewa huigeuza jiwe kabla hujaitumia. Dondoshea siki kijiko kimoja cha unga: ikitoa povu jingi, imekufa.

Kuta za chumba hiki, ukitoa mlango na dirisha, zilikuwa kama mita 34 za mraba. Nilimimina kilo 6 za chokaa ndani ya lita 20 za maji (unga uingie kwenye maji, si maji kwenye unga), nikaacha siku moja, nikachuja kwa kitambaa. Uzito wake uwe wa maziwa. Ukihisi unapaka rangi, ni nzito mno. Kwa rangi, tumia udongo wa okra (udongo wa rangi ya manjano au nyekundu) au oksaidi ya chuma, isizidi gramu 600 kwa kiasi hicho cha chokaa, la sivyo itapukutika. Rangi nyingine nyingi huliwa na ukali wa chokaa. Ukali huo ni wa pH kama 12, unaounguza jicho, basi vaa miwani na glavu hata ukipaka dari dogo.

Lowanisha ukuta kwanza. Paka mikono (matabaka) minne myembamba kwa brashi pana, siku moja kati ya mkono na mkono, ukinyunyiza maji kila mara kabla ya kuanza. Ikiwa mbichi utaona haifuniki kitu. Ngoja ikauke, itakuwa nyeupe. Mkono mnene hupasuka, na ukuta uliokauka haraka kwa jua la dirishani huacha unga, kwa sababu chokaa inahitaji unyevu ili igande.

Mahali pa kuguswaguswa, kama pembeni mwa swichi, rangi ya maji isiyo na harufu inafaa zaidi. Pima mvuke wake baada ya kuchanganywa rangi: kopo jeupe linaweza kuwa safi na rangi za kuchanganyia zikaliharibu.

Milango na rafu nilizipaka mafuta ya mbegu za kitani badala ya vanishi. Mikono mitatu, kila mmoja mwembamba. Baada ya dakika 20 futa yote yanayobaki juu, maana yakiachwa hubaki yananata kwa wiki. Matambara yaliyofutia yatandaze nje yakauke, au yaloweke kwenye maji. Yakikunjwa yakawekwa kona hujipasha moto yenyewe na kuwaka.

Sakafu ilikuwa rahisi: linoliamu halisi, ya mafuta ya kitani, unga wa koki (gome jepesi la kutengenezea vizibo) na mgongo wa juti. Vinil huuzwa kwa jina hilohilo, kwa hiyo geuza uone mgongo. Niliichagua ya vipande vya kushikana bila gundi.

Godoro na mapazia viliingia mwisho, wiki mbili baada ya mkono wa mwisho wa mafuta, madirisha yakiwa wazi mchana kutwa, kwa sababu sponji na vitambaa hunyonya mvuke na kuurudisha taratibu usiku.