Jirani yangu wa kitanda cha juu

Jamaa ninayelala naye chumba kimoja hapa Doha kwao Rolpa, Nepal, kule waasi wa Kimao, wakomunisti waliotaka kuuondoa ufalme, walikoanzia vita 1996. Jana bando langu limekata, nikaanza kulalamika. Akacheka.

Februari 2005, anasema, Mfalme Gyanendra alivunja serikali, akashika madaraka mwenyewe, simu na intaneti zikazimwa nchi nzima. Yeye tayari yuko huku Ghuba. Siku kadhaa anampigia dada yake Kathmandu, kimya. Na mama yuko kijijini: usiku waasi wanadai chakula, asubuhi wanajeshi wanauliza nani kawapikia. (Mjomba wake alichukuliwa, hajarudi mpaka leo.)

Ufalme ukafutwa 2008. Nikamuuliza, ulisherehekea? Akasema siku ile alikuwa zamu.