Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu wa Baiolojia Mwanza na Neuroni Unganishi

Saa 1:15 asubuhi. Daladala za Igoma zimefurika, lakini maabara bado kimya, kwa hiyo hadubini zinaandaliwa sasa. Slaidi ya leo ni ugwe mgongo, ile kamba ya neva ndani ya uti wa mgongo, uliokatwa kwa upana. Anza na lenzi ya ×4, utafute umbo la kipepeo katikati. Hiyo ni maada ya kijivu, na humo ndimo zinamokaa neuroni unganishi, seli za neva zinazounganisha seli nyingine za neva. Umeme ukikatika, geuzia kioo cha hadubini dirishani penye mwanga, ila kamwe usikielekeze kwenye jua lenyewe, jicho litaungua.

Saa 3:00. Kidato cha Tatu. Wengi hukosea palepale: wanaona seli kubwa yenye kiini cha wazi, wanaandika "unganishi". Seli kubwa za pembe ya mbele, yaani bawa la mbele la kipepeo, ni neuroni mota, zinazopeleka amri kwenye misuli. Unganishi ni ndogo zaidi, zimetapakaa, zina dendraiti (nyuzi za kupokea ujumbe) nyingi zenye matawi, na akzoni zake (nyuzi za kupeleka ujumbe) mara nyingi ni fupi kwa kuwa hazitoki nje ya ubongo na ugwe mgongo. Seli mwili (sehemu yenye kiini) ya neuroni hisi, ile inayoleta taarifa kutoka ngozini na kwenye misuli, usiitafute humu. Iko nje, kwenye fundo la mzizi wa nyuma, kando ya ugwe mgongo.

Saa 4:30. Chai. Kikombe cha bati ni somo tosha. Kikiwa kitupu na cha moto, mkono unakiachia kabla hujajua umeungua: neuroni hisi, unganishi, mota, basi. Kikijaa chai, na wenzako wamekaa chini yako, unang'ang'ana nacho mpaka mezani. Ubongo umeteremsha amri kwenye neuroni unganishi nyingine, zile za kuzuia, nazo zikaituliza neuroni mota. Michoro mingi huifanya unganishi kuwa daraja tu la kupitisha taarifa. Mimi naona kazi yake kubwa ni kuamua ipi ipite na ipi iishie pale.

Saa 5:10. Uamuzi huo ni hesabu. Neuroni iliyotulia ina umeme wa takriban −70 mV (milivolti). Ikifika karibu −55, inafyatua msukumo wa umeme. Mwisho wa akzoni, kalsiamu inaingia, vifuko vinamwaga kemikali kwenye mwanya wa sinapsi (mahali neuroni mbili zinapokutana) wa nanomita 20 hivi. Kemikali iitwayo glutamati inasogeza neuroni inayofuata kuelekea −55. Glisini na GABA, kemikali za kuzuia, zinaiweka mbali. Kila sinapsi inakula kama nusu milisekunde, ndiyo maana njia yenye unganishi nyingi huchelewa.

Kisha goti. Mwanafunzi akae juu ya meza ndefu, miguu ining'inie bila kugusa sakafu. Gonga kano chini kidogo ya pia ya goti. Ukigonga mfupa, au akikaza paja, hakuna kitu. Mwambie akulabishe vidole vya mikono miwili na avute, mguu utaruka. Hapa mtego wa mitihani: kati ya neuroni hisi na mota ya msuli wa mbele wa paja hakuna unganishi hata moja. Unganishi iko pembeni, inauzuia msuli wa nyuma usipingane na wa mbele.

Saa 8:00 mchana. Jaribio la kudondosha rula: mmoja anaiachia, mwingine anaidaka, tunapima muda wa kuitikia. Ikidakwa kwenye sentimita 20, muda ni sekunde 0.20; kwenye 15, ni 0.17. Hiyo inapita ubongoni, si rifleksi (kitendo cha ghafla kisichosubiri ubongo), hata wakibisha.

Saa 10:30 jioni. Mwaloni Kirumba, kitoweo. Wapaa samaki wanachomwa na miba ya pezi la mgongoni la sato, na kidonda chembamba chenye uchafu ndani ndicho bakteria wa pepopunda wanachokipenda, maana hakina hewa. Sumu yao hupanda kupitia neva mpaka kwenye ugwe mgongo, ikaingia kwenye unganishi za kuzuia na kukata protini inayofungulia vile vifuko. Glisini na GABA hazimwagiki tena. Misuli inayopingana inakaza kwa pamoja, taya kwa kawaida likitangulia, mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 21. Osha kwa sabuni na maji mengi, nenda kituo cha afya uulizie chanjo. Aliyeugua akapona naye huchanjwa: sumu inayotosha kumlaza mtu ni kidogo mno kuupa mwili kinga.